Vibanda vya nyimbo Kigoma visifungwe, virekebishwe

Ndugu Mhariri,

Kila habari ya muziki wa simu inapoandikwa magazetini, mwandishi huwa yuko Dar es Salaam, mtandao wake haukatiki, na neno lake la mwisho ni lile lile: memori kadi imepitwa na wakati, kila mtu asikilize mtandaoni. Naomba nafasi kwa niaba ya wasomaji wa huku mwisho wa reli. Kwa mkazi wa Mwanga, Ujiji au Mwandiga, na zaidi kwa anayepanda boti Kibirizi kwenda vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, wimbo uliohifadhiwa ndani ya simu bado ndio nafuu na ndio wa uhakika. Wapo pia wanaotaka vibanda vya kuingizia nyimbo vifungwe kabisa. Kasoro ya vibanda hivyo naijua, na nitaieleza bila kuficha, lakini inarekebishika.

Nianze na hesabu ya bando, maana ndiyo inayomaliza ubishi. Muziki wa mtandaoni hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Spotify, iliyofungua milango Tanzania mwaka 2021, ina ngazi za 24, 96, 160 na 320. Ukigawanya kwa 8 unapata kilobaiti. Ngazi ya 160 ni kilobaiti 20 kwa sekunde, yaani MB 1.2 kwa dakika na MB 72 kwa saa. Kinyozi anayepiga muziki saa nne kwa siku anatumia MB 288, na kwa siku 30 anavuka GB 8.6. Sasa chukua nyimbo 200 za dakika nne nne, ubora ule ule. Kila wimbo ni MB 4.8, zote pamoja MB 960. Huo ni muziki wa zaidi ya saa 13, unaolipiwa bando mara moja na kupigwa mwaka mzima. Na anayesikilizia YouTube huku skrini inaonyesha video analipia na picha, ambayo mara nyingi haitazami.

Halafu kuna mtandao wenyewe. Ukiacha miji, alama ya 4G hushuka ikawa H, kisha E. Hiyo E ni EDGE, ya kizazi cha pili, ambayo kasi yake kwa simu nyingi haivuki kilobiti 236 kwa sekunde, na hata hizo mnagawana wote mliopo kwenye mnara. Wimbo wa 160 hapo utakwama kila mara ingawa bando limejaa. Wa 24 unaweza kupita, ila besi na matoazi utayasahau. Tena simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ya kurusha mawimbi, na betri inashuka upesi. Kwa kijiji ambacho watu huchaji kwa malipo kwenye sola ya duka, hiyo ni gharama nyingine ambayo mtu wa mjini haioni.

Programu za muziki zina nafasi yake, nami nazipenda. Boomplay ilikuja ikiwa tayari ndani ya simu za TECNO, na ndiyo iliyowafundisha wengi kutafuta wimbo kwa jina. Ila mtu ajue anachonunua. Wimbo unaopakua ndani ya Spotify unahitaji akaunti ya kulipia, na simu lazima iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo vilivyopakuliwa vinafungwa. Faili lenyewe limefungwa kwa msimbo. Huwezi kulihamishia kwenye kitochi, redio ya flashi wala sabufa ya saluni. Mwenye simu janja anayekaa mjini itamfaa; aingie kwenye mipangilio ya programu, ubora wa kusikiliza auweke 96, wa kupakua 160, kisha azuie kupakua kwa data ya simu ili apakue penye Wi-Fi tu.

Sasa kadi. Kinachowafanya watu waseme memori hazifai ni kadi feki, na inafaa kueleza udanganyifu wake unavyofanyika. Ndani ya memori kadi kuna chipu inayotunza data na kidhibiti kinachoiambia simu ukubwa wa chipu hiyo. Mghushi huacha chipu ilivyo, akabadilisha maelezo ya kidhibiti. Chipu ya GB 8 inajitangaza kuwa GB 64 au 128, na simu inaamini. Nyimbo za mwanzo zinaingia salama, ndiyo maana mteja akijaribu pale pale kibandani anaondoka ameridhika. Zile GB 8 za kweli zikishajaa, kidhibiti ama kinaandika juu ya nyimbo za awali, ama kinatupa data huku kikijibu kwamba imehifadhiwa. Majina yote utayaona, na ukubwa wa kila faili utauona. Ukibonyeza, kimya. Au mkwaruzo. Au wimbo unaanza kwa sauti ya msanii mmoja na kumalizika kwa sauti ya mwingine, na mtu anadhani simu yake ina virusi.

Kuipima si kazi ngumu kwa mwenye kompyuta. Kwenye Windows ipo programu ya bure iitwayo H2testw. Kwenye Linux na Mac ipo F3. Hamisha kwanza kila kilichomo, fomati kadi, kisha iache programu iandike mpaka kadi ijae na kuisoma tena yote. Kadi inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua dakika 53 hivi kujaza GB 32, na kusoma huongeza muda, kwa hiyo mteja mwenye haraka arudi jioni. Majibu yatasema ni kiasi gani kimerudi sawasawa na kiasi gani kimepotea. Kadi ya GB 64 ikionekana kwenye Windows kama 59.6 usigombane na muuzaji: mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, wakati Windows huhesabu kwa vipande vya baiti 1,073,741,824. Ikionekana 59.6 lakini zikarudi salama 7.4 tu, hapo mgombane.

Asiye na kompyuta aijaze kadi kwa video ndefu mpaka iseme imejaa, azime simu, aitoe kadi, airudishe, kisha afungue video za mwanzo na za mwisho. Kuzima simu kuna sababu: simu inaweza kucheza data ambayo bado imeishikilia kwenye kumbukumbu yake ya muda, ukafikiri imesomwa kutoka kwenye kadi.

Ukubwa wa kununua ni GB 32, na sikushauri zaidi kwa muziki. Hadi GB 32 kadi hufomatiwa kwa mpangilio wa faili uitwao FAT32, ambao unasomwa na karibu kila kitochi, redio na sabufa. Kuanzia GB 64 zinatoka kiwandani zikiwa exFAT, na vifaa vingi vya bei ndogo vitasema hakuna kadi. Nyimbo za MB 4.8 zinaingia zaidi ya 6,000 kwenye GB 32. Nani atazisikiliza zote? Usilipe ziada kwa ajili ya alama za kasi pia. Wimbo wa kilobiti 320 unahitaji kilobaiti 40 tu kwa sekunde, na kadi ya Class 4 imehakikishiwa MB 4, mara 100 ya hapo. Kasi inamfaa mwenye kibanda anayejaza kadi za watu siku nzima: kwa MB 4 kwa sekunde, GB 32 zitamchukua zaidi ya saa mbili.

Mwenye Android aangalie swali moja ambalo simu huuliza kadi mpya inapoingia: itumike kama hifadhi ya kubebeka au hifadhi ya ndani? Chaguo la hifadhi ya ndani lilikuja na Android 6 mwaka 2015, na watengenezaji kadhaa wameliondoa, lakini kwenye simu lilipo limewaliza wengi. Ukilichagua, kadi inafutwa na kufungwa kwa msimbo wa simu hiyo moja. Ipeleke kwenye redio, haisomeki. Simu ikivunjika, na nyimbo zimekwenda. Chagua ya kubebeka.

Na kadi isichomolewe muziki ukiwa unapiga. Nenda Mipangilio, Hifadhi, kisha uiondoe hapo kabla ya kuivuta. Sababu ni kwamba FAT32 ina orodha za folda na jedwali zinazoeleza kila wimbo unaanzia wapi na kuendelea wapi. Umeme ukikatika wakati hizo zinaandikwa, folda nzima inaweza kugeuka alama zisizosomeka. Nyimbo zenyewe mara nyingi bado zimo. Kwa hiyo simu ikikwambia ufomati, kataa kwanza, mpelekee fundi mwenye programu ya kurejesha faili.

Nije kwenye ubora, ambako ndiko vibanda vyetu vinakosea zaidi. Bango linasema nyimbo za 320. Wimbo wenyewe umetolewa YouTube kupitia tovuti ya kugeuza. YouTube haihifadhi MP3 ya 320 popote. Sauti yake ya kawaida hubanwa kwa namna nyingine: ni AAC ya kilobiti 128 hivi, au Opus inayofika kama 160. Ile tovuti inachukua sauti hiyo iliyokwisha kubanwa na kuibana tena ndani ya faili la 320. Ni kumimina nusu lita ya mawese kwenye dumu la lita tano: dumu limekua, mafuta ni yale yale. Wimbo wa dakika nne uliostahili MB 3.8 unakula MB 9.6 za kadi ya mteja, na sauti imeshuka kidogo kuliko ilivyokuwa, kwa sababu kila ubanaji wa aina hii hutupa sehemu ya sauti ambayo programu inaamini sikio halitaigundua. Ikitupwa mara moja haijulikani. Mara tatu, inajulikana: matoazi yanakuwa kama yanachemka, manyanga yanapoteza punje zake, na kila herufi s ya mwimbaji inazomea.

Anayetaka ushahidi wa macho apakie programu ya bure ya Spek kwenye kompyuta na kuufungua wimbo. Itachora mawimbi kutoka chini hadi juu. MP3 ya 320 iliyotoka moja kwa moja kwenye rekodi ya studio hufika karibu kilohezi 20. Iliyowahi kupita kwenye MP3 ya 128 inakatika kama imekatwa kwa rula karibu kilohezi 16, hata kama jina la faili linasema 320. Mwenye kibanda anayejiheshimu angeandika 128 kwenye bango lake na kumpa mteja faili la 128. Kwa spika ya simu na kelele za bodaboda, 128 safi inatosha. Rumba na dansi za miaka ya 1960, nyingi zikiwa zimerekodiwa kwa mkondo mmoja, unaweza kuzihifadhi kwa mono, yaani mkondo mmoja, na kuokoa kama nusu ya nafasi bila kupoteza kitu cha maana.

Hapa kuna imani mbili za mtaani za kusahihisha. Kurushiana wimbo kwa Bluetooth, Xender au Quick Share hakupunguzi ubora. Faili linanakiliwa lilivyo, na bando haliguswi. Bluetooth ni polepole tu, wakati hizo nyingine mbili hupitia Wi-Fi kati ya simu na simu. Kinachoharibu ni kuuweka wimbo kwenye video na kuituma WhatsApp, maana WhatsApp huibana video upya. Tuma wimbo kama dokumenti, utafika mzima.

Mteja wa kitochi ana matatizo yake, nayo hayahitaji simu mpya. Kitochi kikisema hakiwezi kufungua wimbo, tazama herufi za mwisho za jina: m4a na opus vingi havivijui. Geuza kuwa MP3, ambayo leseni zake za hataza zilikoma mwaka 2017 na kila mtu anaitumia bure. Nyimbo zikipigwa ovyo ovyo bila mpangilio, ni kwa sababu vifaa vya bei ndogo hufuata mfuatano wa kunakiliwa, siyo alfabeti. Anza majina na 01, 02, 03, fomati kadi, unakili kwa mfuatano huo. Folda zigawe kwa msanii au kwa mtindo. Wimbo mmoja ukipiga kelele na unaofuata ukinong'ona, tumia MP3Gain: inasawazisha kwa hatua za desibeli 1.5 bila kubana upya, na kipimo chake cha kuanzia ni desibeli 89. Wenye sabufa za baa wanapenda kupandisha hadi 98. Matokeo yake mawimbi yanakatwa vichwa, na spika ndogo za juu ndizo zinazoungua kwanza.

Kabla sijafika kwa wasanii, onyo kuhusu zile programu za kulipia zinazozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp zikiwa zimevunjwa kufuli, eti zinapakua bure. Zinakuja kama faili la apk, na kabla ya kuwekwa zinakutaka uruhusu vyanzo visivyojulikana. Programu ya muziki inahitaji kusoma nyimbo na kuonyesha arifa. Ikiomba kusoma ujumbe mfupi, jiulize: wimbo una shida gani na meseji zako za M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa? Fungua Mipangilio, Programu, uichague, kisha Ruhusa, ukate SMS, Anwani na Simu. Ikigoma kufanya kazi bila ruhusa hizo, iondoe.

Turudi kwa wanaotaka vibanda vifungwe. Hoja yao ya haki ni kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hairuhusu mtu kunakili wimbo wa mwenzake na kuuza bila ruhusa. Ni kweli, na wenye vibanda waache kujifanya hawajui. Lakini msanii chipukizi wa Uvinza au Kakonko akiambiwa ategemee mtandao peke yake, atapata nini? Spotify huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote. Wasikilizaji wake wa kweli wako kwenye boti, mashambani na kwenye mnada, wengi wao na kitochi. Anayewafikia hao ni mwenye kibanda.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni mkataba wa karatasi moja kati ya msanii na kibanda, wimbo ukiwa umekwisha kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukitaja bei ya wimbo, mgawo wa kila upande na siku ya kuhesabiana. Msanii alete faili mwenyewe, asingoje kibanda kikalitafute YouTube. Prodyuza atoe WAV ya studio, faili la sauti lisilobanwa, na kutoka kwenye hiyo WAV, siyo kutoka kwenye MP3, atengeneze nakala mbili: moja ya 320 kwa wenye simu janja na sabufa, moja ya 128 kwa vitochi. Kwa programu ya Mp3tag ajaze jina la wimbo, msanii, mtunzi, mwaka na ISRC, ile namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12. Kava la kupeleka kwenye majukwaa ya mtandaoni liwe la pikseli 3,000 kwa 3,000, lakini linalowekwa ndani ya MP3 ya kibandani lipunguzwe hadi 500 kwa 500. Vitochi huganda vikikutana na picha nzito. Nakala ikitoka hivyo, hata ikirushwa kwa Bluetooth mara hamsini, jina la mwenye kazi linaendelea kusafiri nayo. Nyimbo zetu nyingi za leo zikifika Kibondo zinaonekana "msanii hajulikani", na mwanzoni kuna sauti ya mtu wa tovuti anajitangaza.

Kibanda nacho kiwe na daftari: tarehe, wimbo, idadi. Kompyuta yake iwe na folda moja ya kazi zilizoletwa na wenyewe, ambayo haichanganywi na nyingine. Kwaya ndizo ningezishauri zianze, kwa kuwa zina katibu, zina mhasibu, na wanunuzi wao hukutana kila Jumapili. Kwaya ya Kasulu ikirekodi nyimbo kumi za dakika tano, nakala za 128 zote ni MB 48. Kadi ya GB 4 iliyopimwa inabeba albamu hiyo, mahojiano na picha za kwaya, na nafasi inabaki. Bei ya kadi ijumlishwe ndani ya bei ya albamu, na mteja aambiwe wazi kwamba kadi ikisumbua ndani ya wiki moja anabadilishiwa.

Fundi simu,
Mwanga, Kigoma